Je, Wajua? Divai ya jirani na samaki wa ziwa

Kegonga, Kuria Mashariki, iko karibu na mpaka wa Tanzania, nchi yenye mashamba ya mizabibu yanayostahili kujulikana na kila jirani. Je, wajua kwamba:

• Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka? Ulaya huvuna mara moja tu, maana baridi kali huilaza mizabibu. Dodoma mkulima huiamsha mwenyewe kwa kuipogoa.

• Makutupora ni jina la mahali karibu na Dodoma na pia la aina ya zabibu nyekundu?

• Kenya nayo ina Leleshwa, divai ya Bonde la Ufa iliyopewa jina la kichaka chenye majani ya kunukia?

• Wekundu wa divai hutoka kwenye maganda ya zabibu? Humo pia mna tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea. Mafuta ya nyama huilainisha, ndiyo maana divai nyekundu hupatana na mbuzi choma.

• Divai nyeupe yenye uchachu kidogo hufaa samaki wa ziwa kama sangara au ngege wa kukaanga? Hufanya kazi ya limau: hukata mafuta.

• Mwonjaji hushika bilauri kwenye shina ili mkono usiipashe divai joto? Hutazama rangi, huzungusha, hunusa, kisha hunywa funda dogo. Pua hutambua mengi kuliko ulimi.

Kumbuka: pombe si ya walio chini ya miaka 18, wala ya dereva.