Ufunguo Ambao Mume Wangu Hana

Najua ukisikia mke ana kitu kwenye kompyuta ambacho mumewe hawezi kukifungua, tayari umeshawaza mengine. Subiri kwanza.

Kazi yangu ni kutunza seva za ofisi. Zamani seva ikizingua saa tatu usiku, nabeba mkoba narudi kazini, baba watoto ananuna. Na alikuwa na haki! Siku hizi naingia kwenye seva nikiwa sebuleni, khanga kiunoni, kwa njia inayoitwa SSH.

Aliyeibuni ni Tatu Ylönen wa Finland, mwaka 1995, baada ya wezi kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Enzi hizo wengi walitumia Telnet, inayopitisha neno la siri wazi kama barua isiyo na bahasha. SSH hufumba kila kitu njiani.

Kuiandaa si kazi. Kwenye dirisha la amri andika ssh-keygen, utapata mafaili mawili. Ufunguo wa wazi unaupeleka kwenye seva, ndani ya faili la authorized_keys. Huo hata jirani akiuona, poa tu. Ufunguo wa siri hautoki kwenye kompyuta yako, na uufunge kwa sentensi ndefu unayoijua wewe peke yako. Mara ya kwanza kuunganisha, utaonyeshwa alama ya seva na kuulizwa kama unaikubali. Wengi huandika yes haraka haraka, utadhani wanasaini mkopo. Linganisha kwanza na alama aliyokupa msimamizi wa seva, maana anayejibu anaweza kuwa tapeli.

Sasa hapo kwenye sentensi ndipo palipowaka moto. “Mama watoto, sisi tuna siri gani?”

Nikamwambia, “Mshahara wangu unaujua, simu yangu unaishika. Hii siri si yangu, ni ya watu walioniamini.” Nikamfungulia akaunti yake kwenye kompyuta ileile, atazame mpira wake kwa raha zake. Wapi! Alininunia siku mbili.

Usiku wa tatu ofisi ikapiga simu. Yeye ndiye aliyeniletea kompyuta kitandani, kisha akageukia ukutani wakati naandika ile sentensi.

“Ukimaliza niambie,” akasema.