Kabla ya Kuongeza Kiti Safuni

Kila mwezi kamati ya msikiti wetu hupitia mahitaji ya nyumba ya Allah (s.w.): mikeka, taa, maji ya udhu. Siku hizi ombi moja halikosekani, nalo ni viti. Wanaoviomba wamo hata akina baba na akina mama wa miaka hamsini, ambao magoti yamekataa kukunjika. Mzee wetu mmoja alitueleza baada ya Alfajiri kwamba daktari hakumwona na ugonjwa. Kinachomliza ni kuwa paji lake la uso halijagusa ardhi tangu Ramadhani iliyopita.

Dini yetu ni nyepesi. Mtume (s.a.w.) amemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali kwa ubavu. Mwenye udhuru asitazamwe kwa jicho la lawama. Hata hivyo, kukakamaa kwa misuli mara nyingi kuna dawa, na dawa yenyewe imo nyumbani.

Aliyekakamaa hudhani misuli yake imekuwa mifupi. Aghalabu mwili ndio unaoikaza kwa hadhari, kwa kuwa haujazoea kubeba uzito pale msuli unaponyooka sana. Kujinyoosha kwa kujivuta mara mojamoja hulegeza kwa muda tu. Msuli unaonyooshwa taratibu huku umebeba uzito mdogo hupata wepesi pamoja na nguvu, na wepesi wa namna hiyo hudumu maadamu mazoezi yanaendelea.

Tuanze na vifundo vya miguu. Shika ukuta, simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, shusha visigino kwa kuhesabu hadi tano, kisha viinue. Pili, shika dumu lenye lita tatu za maji, uiname kutoka nyongani kama anayerukuu, mgongo umenyooka na magoti yamelegea kidogo. Nyuma ya mapaja ikianza kuvutika, tulia pumzi mbili, kisha simama. Tatu, keti kitini polepole na kuinuka, chupa ya maji ikiwa kifuani. Baada ya majuma kadhaa tumia kiti kifupi zaidi, hadi ufikie kigoda.

Kila zoezi lifanywe mara nane, siku tatu kwa juma, bila kuzuia pumzi. Uzito uongezwe pale tu ule wa awali unapokuwa mwepesi. Misuli ikiuma kesho yake au keshokutwa, usiogope. Tembea kidogo, yatapita. Maumivu makali ndani ya kiungo, uvimbe au ganzi ni ishara ya kuacha na kumwona daktari. Wenye shinikizo la damu, mifupa dhaifu au waliopasuliwa goti wamwone kabla ya kuanza.

Mzee wetu alianza akishikwa mkono na mjukuu wake. Mwezi wa nne, katika sunna ya Adhuhuri, alisujudu huku mkono mmoja ukiegemea kiti. Alfajiri, mwili unapokuwa mzito, bado huketi. Viti tulivinunua, kwa kuwa wapo wanaovihitaji kweli.

Rakaa 17 za faradhi zina sijda 34 kila siku. Swala ni ibada, nao mwili tunaoswalia ni amana. Tuutunze ungali unatutii.

Wabillahi tawfiq.