Bei za mbuzi kwenye faili: Tatizo la namba zinazosomwa kama maneno

KATIKA kata ya Nainokanoka, nyanda za juu za Ngorongoro karibu na kreta ya Olmoti, mahindi hayalimwi. Kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha marufuku ikarudishwa mwaka 2009. Unga hununuliwa, na fedha za kuununua hutoka zizini. Mfugaji akikosea hesabu ya mbuzi, amekosea hesabu ya chakula.

Daftari la mauzo hulowa na kuchanika. Simu au kompyuta inaweza kutunza orodha hiyo hiyo katika faili la kawaida la maandishi, bei moja kila mstari. Kazi ya kuijumlisha inaweza kuachiwa Python, lugha ya kuandikia programu iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Haiuzwi, na hata simu za Android zinaweza kuiendesha.

Hata hivyo, kuna mtego. Kompyuta inapofungua faili la namna hiyo haioni fedha, inaona herufi tu. Tuseme mbuzi watatu wameuzwa kwa shilingi 85000, 120000 na 95000. Ukiiuliza Python bei ya juu kabla ya kuzigeuza bei hizo kuwa namba, itajibu 95000. Inazilinganisha kama maneno ya kamusi, kwa kuanzia herufi ya kwanza, na 9 inaizidi 1. Ukiunganisha mbili za kwanza kwa alama ya kujumlisha utapata 85000120000, bei ambayo hata fahali hajawahi kufikisha.

Dawa yake ni mistari michache:

bei = []
for mstari in open("bei.txt"):
    mstari = mstari.strip()
    if mstari:
        bei.append(int(mstari))
print(len(bei), sum(bei), max(bei))

Mstari wa kwanza unatengeneza orodha tupu. Faili husomwa mstari mmoja mmoja. Strip huondoa nafasi za pembeni, na mstari mtupu unarukwa. Neno int ndilo linalogeuza maandishi kuwa namba. Kwa mbuzi wetu watatu jibu litakuwa 3 300000 120000, yaani idadi, jumla na bei ya juu.

Tabia ya kuandika 85,000/= itaikwamisha programu, kwa kuwa int haikubali mkato wala alama ile ya shilingi. Afadhali ikwame, maana mwenye mali atajua pa kurekebisha. Hatari zaidi ni kuandika 85.000 na kutumia float badala ya int. Hapo Python haitalalamika. Itasoma themanini na tano tu, na elfu zote zitakuwa zimepotea kimya kimya. Faili libaki na tarakimu tupu.

Kabla ya kugawana fedha, itazamwe ile namba ya kwanza, idadi. Ilingane na mbuzi waliouzwa mnadani. Ikipungua, kuna bei ambayo haikuandikwa. Ikizidi, kuna iliyoandikwa mara mbili.