Kuya, Kuja, Njoo: Kiswahili Nyuma ya Kichujio

Ukiwauliza wanachama wa klabu hii walijifunzia wapi Kiswahili, wengi watasema jikoni kwa mama. Ni kweli. Lakini baadhi yetu tuliosoma sekondari hapa Marekani tulikuwa na darasa jingine: chumba cha kompyuta, saa ya chakula cha mchana, tukichimba makaa ya mawe katika mchezo ambao hauna mshindi wala mwisho, kazi ni kuchimba na kujenga tu.

Minecraft ilikuwa imefungwa. Sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda watoto mtandaoni inazitaka shule zinazopata punguzo la serikali kwa gharama za intaneti ziweke kichujio. Sheria yenyewe inahusu picha chafu na zenye madhara kwa watoto, michezo haitajwi. Ni shule zilizoiongeza. Hatuwalaumu sana: watu wakifanya mtihani mtandaoni, nani anataka laini ielemewe na wajenzi wa makasri?

Tukahamia Minetest, ambayo tangu 2024 inaitwa Luanti. Ni ya bure, ni ndogo, na hufanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kichujio hukaa mlangoni, kati ya shule na intaneti; kompyuta mbili za chumba kimoja zikiongea zenyewe hazipiti mlango huo. Mmoja anafungua dunia, wengine wanaandika namba ya kompyuta yake, basi.

Kwa hiyo hakukuwa na mgeni humo. Kwenye mtandao wa wazi tungeandikiana Kiingereza kama kila mtu. Humo ndani tulikuwa sisi kwa sisi, watoto wa Unguja, Nairobi na Bukavu, na aliyetumbukia shimoni aliita kwa lugha iliyomjia kwanza. Wa Unguja: "Njoo!" Wa Nairobi: "Kuja hapa!" Wa Bukavu: "Kuya!" Wote walifikiwa. Walimu wetu watatuwia radhi, lakini hadi leo wapo wenzetu wa Kivu wanaokaa kimya darasani wakihofia "kuya" yao itasahihishwa. Mle shimoni hakuna aliyekaa kimya.

Tulibishana pia. Kile kipande cha mraba kiitweje? Tofali, walisema wengi. Sawa kwa udongo, lakini "tofali la maji"? Mmoja alishikilia "bonge" muhula mzima. Na mchezo wenyewe una Kiswahili katika orodha ya lugha zake, jambo lililotushangaza kuliko yote.

Hapa chuoni michezo haijafungwa, ila mtandao hauruhusu kompyuta zetu zionane. Tumepata rauta ndogo. Ijumaa baada ya kikao tunafungua dunia mpya; njooni na kompyuta zenu, wahadhiri pia. Suala la tofali bado halijaamuliwa.