Maji yang'aa, lakini sato wanakufa

Maji ya tangi yanaonekana safi kabisa, ila sato wanapanda juu kutafuta hewa, na kukipambazuka wawili watatu wameelea. Kwa familia za Bukoba na Muleba zinazofuga samaki nyuma ya nyumba, hicho ni kitoweo cha watoto kinachopotea, na pesa ya chakula cha samaki pia.

Chanzo kinaweza kuwa amonia, sumu isiyoonekana ambayo samaki huitoa kupitia matamvua, na ambayo huongezwa na kinyesi na mabaki ya chakula. Chujio la sponji likiwa jipya hukamata uchafu tu. Wanaoiondoa amonia ni bakteria: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi.

Samaki wakiongezeka, bakteria nao wanahitaji makazi zaidi. Pipa la pili lililojazwa changarawe, au hata vifuniko vya plastiki vya chupa, na kupitishiwa maji ya tangi usiku na mchana, huwapa nafasi hiyo. Lakini lisifungwe leo na samaki wakaongezwa kesho. Bakteria huweza kuchukua wiki 4 hadi 6 kukua. Changarawe kidogo kutoka chujio la zamani huharakisha.

Kinachoponza wengi ni usafi. Kuosha changarawe kwa maji ya bomba yenye klorini huwaua bakteria hao. Zisuuzwe kwa maji yaleyale ya tangi. Umeme ukikatika, chakula kipunguzwe. Maji yanayotolewa yana nitrati, yamwagwe kwenye migomba.