Chumvi, sukari na maji: kipimo kiko mikononi mwetu

Mtoto anapoharisha, wengi wetu huharakisha kukoroga maji ya chumvi na sukari kwa kukadiria tu. Hapo ndipo somo la kemia linapotufaa nyumbani.

Maji yenyewe ni kampaundi: atomu 2 za haidrojeni kwa atomu 1 ya oksijeni, uwiano usiobadilika popote. Lakini chumvi iliyoyeyuka majini ni mchanganyiko tu. Kila kimoja hubaki na asili yake. Maji yakikauka juani, chumvi huonekana tena, kama wajuavyo wavuna chumvi wa pwani. Mchanganyiko hauna uwiano wake maalumu. Hupokea kiasi chochote tutiacho.

Kwa hiyo tupime: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, si vya kurundika. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Sukari ikizidi huongeza kuharisha. Pakiti ya ORS ikipatikana ni bora zaidi, nayo ichanganywe kama ilivyoandikwa. Mtoto akilegea au akishindwa kunywa, tumpeleke hospitali bila kuchelewa.