Majina juu ya lango la Ypres

Bandugu wa shimo, sendika ilinituma Ubelgiji. Siku ya kupumzika tukaenda Ypres, kwenye muze ya vita ya 1914-1918. Pale nikajua kama wachimba makaa nao walipigana vita ile: Waingereza waliwatuma kutoboa njia chini ya Wajerumani na kujaza baruti. Tarehe 7/6/1917, mahali 19 palipasuka. Shimo moja liko mpaka leo, pa Hill 60.

Kila magaribi, saa 20, wanapiga tarumbeta kwenye lango la Menin. Ukutani kuna majina zaidi ya 54.000, ya waaskari wenye hawakupatikana tena.

Nikawaza bakamarade wetu watatu wenye udongo ulifunika. Kwetu hakuna hata kibao. Watoto wao wataweka mukono wapi? Tuandike majina yao, bandugu.